Asiye na Kosa Aogope Nini?



Neno hili twalisikia mara nyingi, hasa tangu tulipotakiwa kusajili upya laini zetu za simu kwa alama za vidole. Usajili ule ulianza tarehe 1 Mei 2019, na baada ya tarehe 20 Januari 2020 waliochelewa wakaanza kufungiwa laini. Tulipanga foleni, tukaweka kidole, tukarudi nyumbani. Wachache waliouliza alama zile zitatunzwa wapi, na ni nani atakayezitazama, walijibiwa papo hapo na wenzao katika foleni: "Asiye na kosa aogope nini?" Ni jibu fupi lenye sura ya haki, na kwa sababu hiyo yafaa tulipime.

Kwanza tuipe serikali stahili yake. Mtume Paulo, katika sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi, atufundisha kuwatii wenye mamlaka, maana kazi yao ni kumzuia mtenda maovu. Nani kati yetu hajapokea ujumbe wa tapeli anayetaka pesa zitumwe "kwa namba hii"? Polisi wakimtafuta mwenye laini ile, hawafanyi dhambi. Mlinzi asiyetazama si mlinzi. Basi hatuulizi kama serikali yaweza kutazama. Twauliza ni nani atazamaye, kwa idhini ya nani, mpaka wapi, na yaliyoandikwa yatakaa miaka mingapi.

Wapo wanaotuambia kwamba habari za faragha ni mambo ya Kizungu. Kwamba Mwafrika huishi kijijini ambako kila mtu humjua kila mtu. Sisi twaona wamesahau hodi. Mgeni hupiga hodi hata kama mlango u wazi. Mkubwa wa ukoo hupiga hodi kwa mdogo wake, na mdai hupiga hodi kwa mdeni. Asipokaribishwa baada ya hodi ya tatu, huenda zake. Hakuna aliyewahi kudai kwamba nyumba isiyoficha mwizi haina haja ya kubishiwa hodi. Kabla ya kuwa na katiba yoyote, wazee wetu walijua kwamba mlango una heshima yake.

Katiba yetu ya mwaka 1977 nayo yajua hivyo. Katika mabadiliko ya mwaka 1984 haki za binadamu ziliingizwa ndani yake, na ibara ya 16 yampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Angalieni kwamba haikuwachagua wasio na kosa tu. Tena ibara hiyo yaagiza uwekwe utaratibu wa sheria kuhusu namna na kiasi ambacho haki hiyo yaweza kuingiliwa. Kwa maneno mengine, serikali yaweza kuingia, lakini ipige hodi kwa sheria. Hata hivyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hesabuni wenyewe: ni miaka minne kamili tangu siku ile vidole vyetu vilipoanza kuchukuliwa.

Sasa turudi kwa yule asiye na kosa. Someni sura ya 6 ya kitabu cha Danieli. Wakubwa wenzake walimpeleleza wasione kosa lolote. Kama neno letu lingekuwa kweli, hadithi ingeishia hapo. Lakini walikwenda kwa mfalme Dario wakapata amri ya siku thelathini, na sala ambayo Danieli alikuwa akiisali mara tatu kwa siku, madirisha yakiwa wazi, ikawa hatia. Danieli hakubadilika, iliyobadilika ni sheria. Kwa kuwa desturi zake zilikuwa zimekwisha kujulikana, hawakuhitaji kumtafuta. Habari zetu hukusanywa chini ya mtawala huyu, na huenda zikatumiwa na mwingine ambaye hatumjui bado.

Mfano wa karibu zaidi na siku zetu ni Ujerumani Mashariki. Wizara yao ya usalama ilianzishwa mwaka 1950, na kufikia mwaka 1989 ilikuwa na watumishi wapatao 91,000 katika nchi ya watu milioni 16 hivi. Zaidi ya hao, walikuwako wapasha habari wa siri zaidi ya laki moja. Barua zilifunguliwa, simu zilisikilizwa, na majalada yakipangwa katika mstari mmoja yalizidi kilomita 100. Mjini Leipzig, Wakristo walikutana kila Jumatatu katika kanisa la Mtakatifu Nikolasi kuombea amani, na wasikilizaji wa wizara waliketi nao katika viti hivyo hivyo. Utawala ule ulipokwisha kuanguka, sheria ya mwaka 1991 iliwapa watu ruhusa ya kusoma majalada yao. Wengi hawakuwa na kosa lolote. Walichokikuta ni majina: rafiki, mfanyakazi mwenzao, wengine hata mume. Wachungaji nao walikuwamo. Wasio na kosa walinyang'anywa jirani zao.

Twasikia mwingine akisema: Mungu huona yote, kama Zaburi ya 139 inavyofundisha, basi kwa nini tumwogope binadamu anayeona kidogo? Kwa sababu Mungu atujuaye ndiye asameheye. Jalada halisamehi.

Jambo la mwisho latuhusu sisi hapa parishini. Kanisa nalo huandika watu: vitabu vya ubatizo na ndoa, ahadi za sadaka, majina ya waliozuiliwa kukaribia Meza ya Bwana. Sheria ile yampa mtu haki ya kujua habari zake zinazotunzwa na kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa. Je, ufunguo wa kabati letu uko kwa nani? Na mara ngapi ugonjwa wa ndugu umetangazwa kwa jina lake wakati wa maombi, kisha ukaandikwa katika kundi la simu la parishi, naye mwenyewe hakuulizwa? Twaomba wazee wa kanisa waliweke jambo hili katika kikao kijacho. Na kwa sasa, atakayeandika orodha ya wagonjwa wa Jumapili apite kwanza nyumbani kwao, apige hodi, awaulize.