Nishani ya Babu Tuifanyeje?

Tuseme mjukuu mmoja hapa Nyasura anafungua sanduku la marehemu babu yake, na chini kabisa anakuta nishani mbili. Moja ni ya fedha, ina kichwa cha Mfalme George wa Tano, ya Vita Kuu ya 1914–1918. Nyingine ni nyota yenye ncha sita, waliyopewa waliopigana Burma katika vita ya pili. Babu alikuwa Keya katika vita zote mbili. Mnunuzi yupo. Je, aziuze?

Wako vijana wasemao, "Na auze, ni alama ya kumtumikia mtawala mgeni." Wako wazee wasemao, "Asiuze; ni heshima ya ukoo." Sisi tunaona wote wanatazama upande wenye mfalme tu. Tutazame ukingo wa ile ya fedha: hapo imechongwa namba ya askari, jina lake na kikosi chake. Mfalme yumo katika nishani zote, lakini jina lile ni la babu peke yake.

Hata hivyo, swali gumu bado. Nyuma ya askari walikwenda wapagazi, wamebeba unga na risasi. Wengine waliwabebea Wajerumani, wengine Waingereza, na wengi hawakuulizwa kama wanataka. Maradhi na njaa viliwaua kuliko risasi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi.

Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi mwaka 1916, akitembea nao. Baada ya vita aliandika kupinga Waafrika kulazimishwa kazi. Aliyetembea na watu hawahesabu kama mizigo.

Basi, katika ukoo mmoja huenda babu alikuwa Keya na ndugu yake mpagazi. Mmoja ameacha nishani. Mwingine hata kaburi lake halijulikani. Kama heshima ingekuwa ndani ya fedha, huyu wa pili asingekuwa na heshima yoyote. Hilo hatuwezi kulikubali.

Kwa hiyo twasema: nishani isiuzwe kwa tamaa. Anayebanwa na ada ya mtoto hatumlaumu, lakini kabla ya kuitoa anakili jina lililo ukingoni. Na chini yake aandike jina la yule ndugu asiyepewa kitu. Tuwaulize wazee waliosimuliwa na baba zao, wangali nasi. Jina la Keya limechongwa tayari. La mpagazi linatungoja sisi.