Dhima ya Mfua Kisu

Aghalabu kisu husifiwa kwa makali yake, kwa kuwa makali ndiyo yaonekanayo. Lakini kwa mtu aliyeketi uani kwake na msumeno wa chuma, tupa, nyundo na jiko la mkaa, akigeuza jani la springi ya gari kuukuu kuwa kisu, kutia makali ndiyo kazi nyepesi. Kazi nzito ni ile ambayo jicho la mnunuzi haliifikii.

Bapa likishachongwa, hutiwa motoni hadi lisishikwe tena na sumaku, yaani kiasi cha nyuzi 770 za sentigredi. Huzidishiwa moto kidogo, kisha likatumbukizwa katika mafuta. Hapo chuma huwa kigumu hata tupa huteleza juu yake. Lakini ugumu huo ni wa kioo, na kisu kikianguka sakafuni huweza kukatika. Kwa hiyo hurudishwa kwenye joto dogo, kiasi cha nyuzi 200, kwa saa moja au mbili, kipoteze sehemu ya ugumu wake ili kipate ustahimilivu.

Sasa, mwenye kuiruka hatua hii ya mwisho hajulikani. Kisu chake kitang'aa, kitakata karatasi, na kitauzwa kwa bei ile ile. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ila yake itafichuka siku mchuuzi wa samaki atakapokikaza kwenye mfupa wa jodari, kikakatika na kumjeruhi.

Yupo atakayejitetea kwamba hana kiwanda wala kipimajoto. Utetezi huo hausimami. Sumaku haina gharama kubwa, na bapa lililosuguliwa likang'aa hugeuka lenyewe rangi ya manjano hafifu, kama majani makavu, joto lifaalo linapofika. Kilichopungua hapo ni subira. Isitoshe, kiwandani yupo mkaguzi wa kushiriki lawama. Uani hayupo, na dhima yote humwangukia mtu mmoja. Basi uchache wa zana haumpunguzii mfuaji wajibu, bali humwongezea.

Naye akishuku kwamba bapa limepata ufa lilipotumbukizwa, asilifunike kwa mpini mzuri. Na alivunje mwenyewe, kabla halijamvunjikia mwenziwe mkononi.