Wembe wa Marehemu Baba

Mjukuu wangu, kaa kidogo. Haya nilimwambia baba yako, akacheka. Nikamwambia ami yako, akanijibu kwamba dunia imekwenda mbele. Nimechoka kuyasema. Lakini jana niliokota nyembe nne za plastiki ukingoni mwa shimo la taka, hata kutu hazijashika, nikaona niyaseme tena.

Wembe mmoja unaununua shilingi mia tano. Ndevu zako ngumu kama zangu, kwa hiyo ukinyoa mara ya tatu unakwaruza, unautupa. Nyembe mbili kwa wiki ni elfu moja, na elfu moja haikuumi, ndiyo maana huihesabu. Mwaka ukiisha zimekwenda 52,000. Kwa miaka arobaini, hata bei isipopanda, na itapanda, ni 2,080,000. Mtu angekuja leo kukudai milioni mbili kwa mkupuo kwa ajili ya kidevu chako, ungemwita mwizi.

Biashara hii ilipangwa hivyo tangu mwanzo. Hadithi inaanzia kwenye kizibo cha chupa ya soda, kilichobuniwa na Mmarekani William Painter, aliyepata hataza yake mwaka 1892. Inasimuliwa kwamba alimshauri mchuuzi wake, King Camp Gillette, abuni kitu ambacho mtu akishakitumia hukitupa, kisha hurudi kununua kingine. Gillette akaja na wembe mwembamba wa kubadilisha. Mwaka 1903 aliuza mipini 51 na nyembe 168 tu; mwaka uliofuata mipini peke yake ikapita 90,000. Mpini ulidumu, faida ikawa kwenye nyembe. Kisha mwaka 1975 kampuni ya Kifaransa ya Bic ikatoa wembe unaotupwa pamoja na mpini wake. Kwanza tulizoeshwa kutupa makali, halafu tukazoeshwa kutupa hata pa kushikia.

Sasa shika huu wembe wa kukunja. Marehemu baba aliununua hapa Tanga mwaka 1961. Soma hapo karibu na kiungo: Solingen, mji wa mafundi wa visu na nyembe kule Ujerumani, ambao jina lake linalindwa kwa sheria tangu 1938. Tazama bapa lilivyochongwa likaingia ndani pande zote mbili, mgongo mnene, makali membamba hata ukiyaegemeza kwenye ukucha yanapinda kidogo. Ulimnyoa baba miaka 28. Tangu 1989 unaninyoa mimi. Katika miaka yote hiyo tumeununulia kinoo kimoja na mikanda mitatu ya ngozi, basi.

Kila asubuhi, kabla ya kunyoa, naupitisha kwenye ngozi, mgongo mbele, makali nyuma. Ukifika mwisho unaugeuza kwa mgongo, kamwe si kwa makali, ama sivyo unaichana ngozi na wembe unakufa hapo hapo. Mara arobaini, hamsini. Ngozi haipunguzi chuma kama kinoo. Inayanyoosha makali yaliyopinda kwa ndevu za jana. Kinoo chenyewe hakitoki kabatini zaidi ya mara mbili tatu kwa mwaka.

Sikudanganyi, mjukuu wangu. Wembe mpya wa namna hii, pamoja na ngozi na kinoo, unaweza kumeza laki tano. Utajikata. Mwezi wa kwanza uso utawaka moto. Ukiulaza na maji usiku mmoja tu, kwa hewa yetu hii ya bahari, asubuhi utakuta madoa ya kutu. Kijana asiye na subira atanunua, atauharibu, atarudi kwenye plastiki, awe amelipa mara mbili. Huyo heri anunue mpini wa chuma na nyembe za pande mbili. Atatumia pesa kidogo, na mpini hatautupa.

Na liko jambo ambalo silifanyii mzaha hata kidogo: wembe huu hauazimwi. Zamani kinyozi alinyoa mtaa mzima kwa wembe mmoja, na hakuna aliyeuliza. UKIMWI ulipokuja tukafundishwa kwa misiba kwamba damu ya mtu ni yake peke yake. Kwa hiyo siku utakayouchukua, tutauosha kwa spiriti, tutauweka upya kwenye kinoo, na kuanzia hapo ni wako. Mimi sitaugusa tena, wala usimpe rafiki.

Mikono yangu imeanza kutetemeka, nawe umeona. Njoo Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali. Uje na taulo kavu, na umwombe bibi yako ile chupa ya mafuta ya cherehani. Wiki ya kwanza hutanyoa. Utaupitisha tu kwenye ngozi, taratibu, nami nitakaa hapa kibarazani kusikiliza mpaka sauti yake iwe moja.