Dhamana Si Msamaha

Mtu akikamatwa kwa kosa kubwa, kisha akaonekana sokoni baada ya wiki mbili, watu hunong'onezana: "Ametoa kitu." Na asipoonekana, wale wale husema: "Bila shaka ndiye." Maneno haya husikika Handeni, husikika Korogwe, wala hatudhani kuna wilaya katika nchi yetu isiyoyajua. Yote mawili yana kosa moja ndani yake: yaichukua dhamana kuwa ni hukumu. Twaona yafaa jambo hili lifikiriwe kwa utulivu.

Hakimu anayesikiliza ombi la dhamana haulizi kama mtu huyu ameiba au ameua. Swali hilo lina siku yake na mashahidi wake. Yeye auliza: Huyu akiachiwa, atarudi siku ya kesi? Je, atawatisha mashahidi au kuharibu ushahidi? Hutazama pia uzito wa shtaka, kwa maana anayeogopa kifungo kirefu ana sababu ya kukimbia. Na hutazama usalama wa mshitakiwa mwenyewe mbele ya ndugu wenye uchungu. Ndiyo sababu hutaka wadhamini wenye makazi yanayojulikana na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Msingi wa yote ni Ibara ya 13 ya Katiba yetu, ikatazayo mshitakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika.

Lakini yapo mashtaka ambayo hakimu haruhusiwi hata kuuliza maswali hayo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, katika kifungu kilichojulikana kwa miaka mingi kama 148(5), inazuia dhamana kwa mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji wa fedha na mengine. Anayeshitakiwa kwa mauaji Handeni husomewa shtaka mbele ya hakimu wa wilaya, wala hatakiwi kujibu neno, kisha hurudishwa rumande kungojea Mahakama Kuu.

Je, ni haki? Mahakama zetu zenyewe zimelipima jambo hili mara nyingi. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilibatilisha sehemu moja ya kifungu hicho. Mwaka 2018, katika shauri la Mtobesya, ilibatilisha uwezo wa Mkurugenzi wa Mashtaka wa kuzuia dhamana kwa hati yake tu. Mwezi Mei 2020, katika shauri la Sanga, Mahakama Kuu ilitamka kwamba 148(5) inapingana na Katiba. Mwezi Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na zuio likabaki.

Hatuwadharau wanaolitetea zuio hilo. Mama aliyeuawa mwanawe hawezi kulala ikiwa anayeshukiwa apita mlangoni pake kila asubuhi, wala shahidi maskini hana mlinzi. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini hakimu aliye macho aweza kuisikia na kukataa dhamana. Zuio la sheria halimwongezei hakimu nguvu ya kukataa, kwa kuwa anayo tayari. Lamwondolea masikio tu. Na uamuzi aliopokonywa haupotei: wahamia kwa yule anayeandika shtaka. Panga moja likitajwa katika maelezo, wizi wa kutumia nguvu wageuka kuwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na mlango wa dhamana wafungwa. Kalamu hiyo hakuna anayeihoji siku ile.

Hata mlango ulipo wazi, si wote wanaoweza kuupita. Katika mashtaka ya mali yenye thamani kubwa, mshitakiwa huamriwa kuweka nusu ya thamani hiyo, kwa fedha au kwa hati ya mali. Mkata mkonge wa Korogwe ataipata wapi? Na baadhi ya maombi ya makosa ya uhujumu uchumi ni lazima yapelekwe Mahakama Kuu, Tanga, safari ya karibu kilometa 100. Mwenye mali na wakili atakwenda. Mkulima wa mahindi atakaa.

Jirani zetu wamechagua njia nyingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yaruhusu dhamana kwa kila kosa, hata mauaji, isipokuwa pawepo sababu nzito ya kuikataa. Uganda, aliyekaa rumande siku 180 kwa kosa kubwa bila kesi yake kupelekwa Mahakama Kuu, ana haki ya kuachiwa kwa dhamana. Sisi twaona kwamba hakimu apewe kusikiliza kila mtu, na akiona hatari akatae, akitaja sababu.

Nasi raia tunayo sehemu yetu. Wengi hupenda rumande ya watoto wa wenzao. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tuache kunong'ona. Aliyedhaminiwa arudi mahakamani bila kukosa, maana kila anayekimbia amfungia mlango anayekuja nyuma yake. Na anayejulikana kijijini kwa uaminifu asiogope kumsimamia jirani yake: hasemi kwamba jirani hana hatia, asema tu kwamba siku ya kesi atakuwapo.