Simu Ikifa, Deni Halifi

Wazee wetu walipomaliza kutumia chungu walijua pa kukitupa. Chungu kilivunjika, vigae vyake vikarudi udongoni, na udongo haukulalamika, kwa maana ulipokea kilicho chake. Mpini wa jembe ulioza, kikapu kililiwa na mchwa, ngozi ya ngoma ilimalizwa na mvua. Kila kitu kilikuwa na njia yake ya kurudi kilikotoka. Lakini leo kimo nyumbani mwetu chombo kisichojua kuoza. Ni simu, au telefone kama wengi wetu tunavyoiita. Twaibeba sokoni, shambani, safarini, na hata kanisani, inapolia wakati wa mageuzo na kututia haya mbele ya ndugu zetu. Tunaipenda, na inatufaa kweli. Ila ni wachache wanaojiuliza: Simu hii ilitoka wapi kabla ya kufika mkononi mwangu? Nayo itakwenda wapi itakapotoka mkononi mwangu?

Pengine mtu atajibu: «Hayo ni mambo ya mafundi na ya serikali, si ya wakristu.» Sisi twasema ni mambo ya dhamiri. Mwenyezi Mungu alimweka mtu duniani awe mtunzaji wa vitu, asiwe mlaji tu. Na mtunzaji huulizwa hesabu ya mwanzo wa mali na ya mwisho wake, siyo ya siku zile tu alipoifurahia.

Jiwe lililotoka kwetu

Wakristu wa nchi nyingine wakisikia habari ya madini ya simu, kwao ni hadithi ya mbali. Kwetu Kongo si hadithi. Kule Rubaya, katika Masisi, watu huchimba koltani, jiwe jeusi na zito. Ndani yake hupatikana madini yaitwayo tantali. Kwa tantali hiyo mafundi wa ng'ambo hutengeneza vijumba vya kutunza umeme, vidogo kama punje ya mtama, vinavyowekwa ndani ya simu. Kule Kolwezi hutoka kobalti ya kutengenezea betri, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani kote hutoka katika nchi yetu. Kule Walikale hutoka mawe ya bati, na kwa bati viungo vya simu hushikamanishwa. Shaba ya Katanga imo katika nyaya zake. Hivyo mtu wa Kivu au wa Katanga anaponunua simu mpya dukani, ananunua pia kipande cha mlima wake mwenyewe, kilichozunguka dunia na kumrudia kwa bei kubwa.

Tunajua pia jinsi mawe hayo yanavyotoka. Wako wanaochimba kwa amani, wakilisha watoto wao kwa jasho lao, na kazi yao ni ya heshima. Lakini wako waliofukiwa mashimoni. Wako watoto waliobeba mifuko ya mawe badala ya madaftari ya shule. Wako wenye silaha waliotoza kodi njiani na kununua risasi kwa fedha hiyo. Mwaka 2024 Rubaya yenyewe iliingia mikononi mwa waasi wa M23. Daktari Mukwege wa Bukavu, aliyetibu wanawake wengi walioumizwa katika vita hivi, alipopewa tuzo ya Nobeli ya amani mwaka 2018, aliwaomba watu wa dunia wenye simu mikononi wafikiri kidogo juu ya gharama ya kibinadamu ya vitu hivyo. Na Baba Mtakatifu Fransisko alipofika Kinshasa mwezi wa Januari 2023 alisema wazi kwamba Afrika si mgodi wa kunyonywa.

Maji ya Daudi

Basi, je, ni dhambi kushika simu? Tulitafakari swali hili, na tukakumbuka habari moja katika Kitabu cha pili cha Samweli. Daudi alikuwa ngomeni, na Wafilisti walikuwa wameshika mji wake wa Betlehemu. Akatamani maji ya kisima kilicho karibu na lango la mji. Mashujaa watatu wakapenya katikati ya adui, wakateka maji, wakamletea. Daudi alipoyapokea hakuyanywa. Aliona kwamba kunywa maji yale ni kama kunywa damu ya watu waliohatirisha maisha yao. Akayamwaga chini mbele ya Bwana.

Mtu atasema: «Basi sisi nasi tumwage simu zetu!» Hapana, ndugu. Tukizitupa zote leo jioni, hakuna mchimbaji mmoja atakayefufuka shimoni, na wengi walio hai watakosa chakula. Jambo hili tumekwisha kuliona. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria iliyotaka makampuni yaeleze kama madini yao yanatoka penye vita katika pande zetu. Nia yake ilikuwa njema. Lakini mwezi wa Septemba wa mwaka uleule serikali yetu ilisimamisha uchimbaji wote katika Kivu zote mbili na Maniema, hata mwezi wa Machi 2011, na wachimbaji wengi waliokuwa hawana kosa walikosa posho ya watoto wao. Mtu hamsaidii jirani kwa kuondoa mkono wake tu na kusema: «Mimi ni safi.»

Daudi hakuyadharau maji yale. Aliyaheshimu mno, hata akakataa kuyatumia kama maji ya siku zote. Hilo ndilo la kujifunza. Kitu kilichotoka katika hatari ya mtu mwingine hakifai kutumiwa ovyo. Kijana anayetupa simu nzima kwa sababu mwenzake amenunua nyingine yenye kung'aa zaidi, huyo amekunywa maji ya Betlehemu bila kufikiri. Mwenye kuitunza simu yake miaka sita au saba, kuipeleka kwa fundi ibadilishwe kioo au betri, na kuridhika nayo hata ikiwa imezeeka, huyo amewaheshimu waliochimba.

Mkono wa mbali na mkono wa karibu

Walimu wa Kanisa, wanapofundisha juu ya kushiriki makosa ya wengine, hupambanua mambo. Si sawa yeye anayekusudia ubaya na yeye anayeguswa nao kwa mbali bila kuutaka. Kadiri mkono wa mtu unavyokuwa karibu na ubaya, na kadiri anavyoweza kuuzuia, ndivyo wajibu wake unavyozidi. Mama anayemwita mwanawe kwa simu hakumweka mtoto wa mtu shimoni. Mkono wake uko mbali. Anapaswa kujua, kusali, kutoshangilia mali ya vita, na kutopoteza bure. Lakini mzigo mkubwa wa kosa uko juu ya wenye silaha, wanunuzi wasiouliza, na wakubwa wanaofumba macho.

Lakini simu inapokufa, mambo yanageuka. Hapo hakuna kampuni, hakuna mwasi, hakuna mnunuzi wa ng'ambo. Niko mimi, na betri iliyovimba, na shimo la takataka nyuma ya nyumba. Mkono wangu ndio wa karibu kuliko mikono yote. Ajabu yake ni kwamba sisi tunaolia kwa haki juu ya ubaya wa mwanzo wa simu, mara nyingi tunanyamaza juu ya ubaya wa mwisho wake, ambao ni kazi ya mikono yetu wenyewe.

Tuuseme ubaya huo. Betri ya simu ikitobolewa, ikipondwa kwa jiwe au ikitupwa motoni, yaweza kuwaka ghafula na kutoa moshi mkali. Tumeona watoto mtaani wakiigonga betri nzee kwa jiwe ili waone kilichomo. Walifukuzwa kwa wakati, vinginevyo wangeungua macho. Simu za zamani zina madini ya risasi katika viungo vyake, ndugu wa ile risasi ya bunduki, nayo huharibu akili ya mtoto polepole bila kelele. Nyaya zikichomwa ili shaba ipatikane, moshi wa vifuniko vyake ni sumu. Huko Accra, katika nchi ya Ghana, palikuwa na mahali paitwapo Agbogbloshie, ambapo kwa miaka mingi vijana walichoma nyaya na mashini mbovu mpaka pakavunjwa mwaka 2021. Udongo wa pale ulijaa sumu. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilionya juu ya watoto wanaookota na kuchambua takataka za namna hiyo. Nazo ni nyingi: mwaka 2022 dunia ilitoa tani milioni 62 za takataka za vyombo vya umeme, na haikufika robo yake iliyojulikana kuwa imekusanywa na kusafishwa vizuri.

Mwaka 1991 nchi za Afrika zilikutana Bamako, zikapatana kwamba takataka za sumu zisiingizwe Afrika kutoka ng'ambo. Zilifanya vema. Lakini tukimkataza mgeni kutupa sumu yake kwetu, nasi tukaitupa ya kwetu katika kijito ambamo jirani anateka maji, tumekataza nini?

Tufanye nini?

Kwanza, simu ingali hai, itunzwe. Usiiweke chini ya mto au blanketi inapoingizwa umeme, kwa maana hushikwa na joto. Betri ikivimba, usiendelee kuitumia kwa kuonea uchungu franga chache. Anayeendesha gari au piki-piki asijibu simu njiani. Motari aliyebeba mama na mtoto amebeba roho mbili zaidi ya yake. Na ulimi wa simu ni ulimi pia: matusi, uwongo na picha za maiti zinazopelekwa huku na huku ni dhambi kama zile za mdomo.

Pili, ukichoka nayo lakini ingali inafanya kazi, mpe mwenye kuihitaji au uiuze kwa haki, bila kuficha ubovu wake. Kabla ya kuitoa, futa yote yaliyomo: barua, picha, majina ya watu, na habari za fedha. Toa na kadi yake. Siri ambayo rafiki alikuandikia si yako kuiuza pamoja na simu.

Tatu, ikifa kabisa, mpelekee fundi. Simu mbovu kwake ni ghala: hutoa kioo, kipaza sauti na vitu vingine vya kuponyesha simu nyingine. Hata huko ng'ambo wamejua kwamba tani moja ya simu mbovu ina dhahabu nyingi kuliko tani moja ya mawe ya mgodi. Katika Hoboken, karibu na Antwerpen, nchini Ubelgiji, kampuni ya Umicore inayeyusha simu za zamani na kutoa dhahabu, fedha na shaba. Nayo ilizaliwa katika ukoo wa Union Minière, ambayo mafundi na wafanyakazi wa Katanga waliijua tangu 1906! Waliochimba milima yetu wamejifunza kuchimba takataka. Hata hivyo tantali ya Rubaya mara nyingi hupotea katika mabaki ya moto. Si kila kilichotoka chaweza kurudishwa, ndiyo sababu kutunza ni bora kuliko kuyeyusha.

Nne, betri isitupwe motoni, majini, wala katika shimo tunalotolea mbolea ya mboga. Funika ncha zake kwa utepe wa kunata, uiweke penye ukavu mbali na watoto na moto, ndani ya chungu chenye mchanga mkavu. Katika miji yetu mingi hakuna nyumba ya kusafishia vitu hivi, na hatutaki kumdanganya msomaji kwamba iko. Lakini chama cha akina mama, kikundi cha vijana, au shule ya parokia yaweza kuwa na mahali pamoja pa kukusanyia, kuwakabidhi mafundi waaminifu, na kuomba kwa sauti moja wenye mamlaka na wauzaji wa simu wapokee walichotuuzia. Sauti ya mmoja hupuuzwa. Ya parokia nzima husikika.

Vipande vilivyobaki

Bwana wetu Yesu Kristu alipolisha watu elfu tano, aliweza kufanya mikate mipya kila siku. Hata hivyo, watu waliposhiba, aliwaagiza mitume wakusanye vipande vilivyobaki, kisipotee kitu. Vikajaa vikapu kumi na viwili. Mwenye uwezo wote hakutupa. Je, sisi tusio na uwezo wa kuumba hata chembe moja ya shaba?

Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake «Laudato si'» ya mwaka 2015, alionyesha kwamba desturi ya kutupa vitu na desturi ya kutupa watu ni ndugu. Sisi tumeyaona yote mawili katika nchi hii. Mlima wetu umetupwa baada ya kuchimbwa, na mchimbaji ametupwa baada ya kuchoka. Tusiifundishe mikono yetu desturi hiyohiyo.

Basi, ndugu, jioni ya leo fungua sanduku lako au droo yako. Pengine imo simu iliyokufa zamani, uliyoisahau. Ishike kidogo, umkumbuke yule aliyeingia shimoni ili wewe usikie sauti ya mwanao. Umwombee kama yu hai, umwombee zaidi kama amekufa. Kisha utafute chungu chenye mchanga. Wazee walikirudishia udongo chungu kilichovunjika. Sisi tuukinge udongo kwa chungu kizima.