Jumamosi ya Nani?

Wazee wetu walisema kwamba kazi mbaya si mchezo mwema. Maana yake ni kuwa kazi, hata ikiwa duni na ya kuchosha, ni bora kuliko mchezo, hata ukiwa mzuri na wa kupendeza. Methali hii imewaongoza watu wengi, na wengi miongoni mwao wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa kuifuata. Lakini methali ni kama taa. Humulika upande ilikoelekezwa, na upande wa pili huuacha katika giza. Hii yatuonya tusishike mchezo mahali pa kazi. Haituambii mtu aliyekwisha kufanya kazi yake afanye nini na siku yake iliyobaki, wala haisemi lolote juu ya yule ambaye kazi yake ni kuwawezesha wengine kucheza. Huyu wa mwisho ndiye ninayetaka tumfikiri.

Huko Ulaya watu hungoja miezi mingi ya baridi, na jua likija huliendea mbio kama wadai wamwendeavyo mdeni aliyerudi kutoka safari. Kwetu jua haliwekwi akiba. Eldoret uko karibu sana na ikweta, na mchana wake ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima. Ingawa mji uko juu, kiasi cha mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, baridi yake ni ya kuvaa sweta alfajiri na kuivua saa nne. Mvua hunyesha na matope huja, lakini hakuna mwezi ambao mtu hawezi kuketi nje na kufurahi. Basi hapa mtu akikosa kupumzika, hawezi kuisingizia hewa. Kinachomzuia ni kazi, au ukosefu wa fedha, au amri ya mtu mwingine. Ndiyo sababu swali la mapumziko kwetu si la majira. Ni swali la haki.

Mwenye nafasi atokaye Eldoret siku ya Jumamosi ana njia nyingi. Iliyo maarufu kuliko zote ni ile iendayo Iten, mwendo usiotimia saa moja kwa gari, kati ya mashamba ya mahindi na malisho ya ng'ombe. Hapo nchi hukatika ghafula. Mtu husimama ukingoni na kuliona bonde la Kerio chini yake, kwa kina kipitacho mita 1,000, na ng'ambo ya bonde vilima vya Tugen vikiwa na rangi ya buluu kama moshi. Akiendelea kushuka, joto humpokea kidogo kidogo. Sweta huvuliwa, vioo vya gari hufunguliwa, migunga na miembe huanza kuonekana. Watu wa mji wa baridi hushuka kutafuta joto, kama vile watu wa Mombasa wenye uwezo wapandavyo bara kutafuta baridi. Binadamu hupenda hewa ya mwenziwe.

Sitaki mtu adhani kwamba naidharau safari hii. Mwili uliokaa juma zima ofisini au dukani una haki ya kunyoshwa, na macho yaliyochoka kusoma hesabu yana haki ya kutazama mbali. Wajuao jambo hili zaidi ni wanariadha wa nchi hiyo hiyo. Wengi wao hukimbia alfajiri, kisha mchana hulala, na hakuna awaitaye wavivu, kwa kuwa kila mtu ajua kwamba usingizi huo ni sehemu ya mbio. Basi ikiwa kupumzika ni sehemu ya kazi ya mkimbiaji, kwa nini kusiwe sehemu ya kazi ya mwashi, au mwalimu, au mpishi?

Zamani sana, katika Uyunani, mwanafalsafa Aristotle alikwenda mbali zaidi. Alifundisha kwamba wasaa ndio shabaha na kazi ndiyo njia. Watu hujishughulisha ili hatimaye wapate nafasi ya kutulia na kufikiri. Ni neno tukufu. Lakini mtu huyo huyo, katika kitabu chake cha siasa, alitetea utumwa. Nyumba yenye wasaa ilihitaji watu wa kuchota maji, kusaga nafaka na kulisha wanyama, naye hakuona vibaya watu hao wakiwa watumwa. Wengi husoma sehemu ya kwanza ya mafundisho yake na kuiacha ya pili, kana kwamba hazikutoka katika kalamu moja. Mimi naona zashikamana. Aliyeupandisha wasaa juu ya vitu vyote alihitaji kupata watu wa kuubeba, na alipowapata aliona lazima aseme kwamba waliumbwa kwa ajili hiyo.

Wala tusicheke Wayunani. Hapa Uasin Gishu ardhi ilitengwa kwa walowezi wa Kizungu, wakiwemo Makaburu waliofika mwaka 1908 na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Walowezi walipenda burudani za nje. Walikuwa na klabu zao, na walikuwa na mashindano ya farasi. Jina la Racecourse limebaki Eldoret hadi leo, ingawa farasi hawapo. Mwafrika alikuwako katika burudani hizo, lakini alikuwako akishika hatamu, akifyeka nyasi na akibeba sinia. Kutoka mwaka 1920 alilazimishwa kuchukua kipande, wengi wakikivaa shingoni katika kikopo cha bati, na bila sahihi ya mwajiri hakuweza kuondoka kazini akaenda atakako. Siku ya mapumziko ya mmoja ilikuwa siku ya kazi ya mwingine, na huyo mwingine hakupewa siku yake.

Mambo hayo yamepita. Mwaka 1948 Umoja wa Mataifa, katika Tangazo la Haki za Binadamu, kifungu cha 24, ulitamka kwamba kila mtu ana haki ya kupumzika na kupata wasaa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka, yenye mshahara kamili. Atazamaye karatasi tu angesema deni limelipwa. Lakini hebu tushuke bondeni tukaone.

Barabara itokayo Iten kwenda Kabarnet huvuka mto Kerio mahali paitwapo Cheploch, ambapo maji yamejipenyeza katika korongo jembamba la mawe. Wageni husimama hapo. Na vijana wa mahali hapo, ambao ni waogeleaji hodari, hujirusha kutoka juu ya miamba hadi majini, katika mto ambao una mamba, ili wageni watazame, washangae na kutoa fedha. Ni kweli kwamba hakuna aliyewalazimisha. Ni kweli pia kwamba fedha ile hununua unga, na mgeni asiyetoa kitu ati kwa kuwahurumia amewapunguzia chakula bila kuwaongezea usalama. Hata hivyo, tazama jinsi jambo lenyewe linavyokwenda. Mruko wa mwamba wa chini humfurahisha mgeni mara moja. Mara ya pili hutaka wa mwamba wa juu. Kijana hupanda. Aliyemfanya apande ni nani? Hakuna aliyetamka neno, ila mikono yote iliyokuwa ikipiga makofi ilikuwa imeshika noti.

Huo ni mfano ulio wazi, kwa sababu hatari yake yaonekana kwa macho. Mgumu zaidi ni ule usio na hatari. Mfikirie mhudumu wa hoteli iliyojengwa ukingoni, anayeleta chai na mayai kwa jamaa waliotoka Eldoret. Analipwa mshahara wake, na siku yake ya mapumziko anaipata kama sheria isemavyo. Anaipata siku ya Jumanne. Siku hiyo watoto wake wako shuleni hadi jioni, mkewe yuko sokoni, ndugu zake wako mashambani, na rafiki zake wa mpira wamo kazini. Huketi nyumbani peke yake, akafua nguo zake, akalala mchana, akangoja. Je, amepumzika? Mwili wake umepumzika. Lakini mtu hakupewa wasaa ili alale tu. Ng'ombe naye hulala. Amepewa ili azungumze na watoto wake, azuru wazee wake, aimbe na wenziwe. Mambo hayo hayafanywi na mtu mmoja. Yahitaji kwamba watu wawe huru kwa wakati mmoja, na ndiyo maana Jumamosi na Jumanne, ingawa zina saa sawa, hazina thamani sawa.

Yaweza kujibiwa kwamba mtu huyo aliichagua kazi hiyo, na kwamba lau watu wa mji wangebaki majumbani mwao Jumamosi kwa ajili ya kumwonea huruma, angekosa Jumamosi na Jumanne pia, kwa kuwa hoteli ingefungwa. Jibu hili lina nguvu, na mwanafunzi asilipuuze. Kuacha matembezi hakumsaidii mtu yeyote. Ila jibu hilo husema tu kwamba tusiache. Halisemi kwamba mambo yalivyo ndivyo yapaswavyo kuwa. Kati ya kuacha na kuendelea vile vile pana nafasi pana, nayo huitwa zamu.

Mfano wa zamu hauko mbali. Huko Kaptagat, si mbali na Eldoret, iko kambi ya wanariadha alimofanyia mazoezi Eliud Kipchoge, bingwa wa Olimpiki wa marathoni mara mbili, mwaka 2016 na mwaka 2021. Mtu huyu angeweza kuajiri watumishi wa kumfagilia kila mahali akanyagapo. Lakini katika kambi ile kazi za nyumbani hugawanywa kwa zamu miongoni mwa wanariadha wenyewe, na yeye, bingwa wa dunia nzima, alisafisha vyoo zamu yake ilipofika. Watu wamelieleza jambo hili kama ushahidi wa unyenyekevu wake, na labda ni kweli. Mimi navutwa na upande mwingine wa habari hii: pale kila mmoja alilala mchana, na hapakuwa na mmoja aliyekosa usingizi kwa ajili ya usingizi wa wengine.

Sasa tutoke kambini twende nyumbani. Jamaa wanakwenda Iten kwa matembezi. Mama ameamka saa kumi za usiku kukaanga viazi na kuchemsha chai ya chupa, binti amemsaidia. Huko ukingoni mama amepakua, binti amegawa, na jioni sahani zote zimerudi na kuoshwa na wale wale wawili, huku ndugu zake binti wakieleza jinsi siku ilivyokuwa njema. Wote walisafiri katika gari moja na kutazama bonde moja. Ukiwauliza watu wa nyumba hiyo ni wangapi waliopumzika, watakujibu kwamba wote walikwenda. Wewe mvulana usomaye maneno haya, swali hili ni lako kuliko la serikali, kwa sababu sufuria ile yaweza kuoshwa na mkono wowote, na hakuna sheria ya bunge itakayoingia jikoni kwenu kupanga zamu.

Hotelini mambo si mepesi hivyo, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ya wageni. Mhudumu yule akipewa Jumamosi moja katika kila nne, itabidi apatikane mtu mwingine wa kushika nafasi yake, mtu huyo alipwe, na chai ya mgeni itapanda bei kidogo. Mwenye hoteli atasema wageni hawatakubali. Mimi naona bei hiyo ni ya haki, na kwamba wengi wangeilipa kama wangeelezwa inanunua nini. Ila sijamwona bado mwenye hoteli aliyewaeleza.