Tuketi Kwanza Tuhesabu

Masomo: Kutoka 16:16-18, Luka 14:28-30, 2 Wakorintho 8:12-21



 Mwezi huu tumeona vema kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengine watalidhani ni dogo, lisilofaa kupewa nafasi katika gazeti la kanisa. Nalo ni habari ya gharama za mapumziko yetu ya pamoja. Kama mjuavyo, mara moja kwa mwaka familia kadhaa za parishi yetu huondoka hapa Tabora kwenda Kigoma. Hupanga nyumba moja karibu na ziwa kwa siku nne, hupika katika chungu kimoja, husali pamoja asubuhi na jioni, kisha hurudi. Ni jambo jema, tena linajenga. Lakini mwaka jana jambo hili jema lilitutia aibu, nasi hatuna budi kuliungama.

Tulikutana baada ya ibada, tukiwa tumesimama chini ya mwembe, kila mtu na haraka zake. Ndugu mmoja akasema amepata nyumba nzuri, yenye baraza linalotazama ziwa. Akataja bei. Wawili watatu wenye mishahara wakasema inafaa. Waliobaki wakanyamaza, nasi tukasema, "Basi, tumekubaliana." Siku chache baadaye mama mmoja mjane, mwenye watoto watatu, akatuletea habari kwamba hataweza kusafiri kwa sababu anatarajia wageni. Tukamwambia, "Pole mama, labda mwakani." Tukaenda bila yeye. Tukala migebuka, tukaimba, tukapiga picha.

Tuliporudi tukajua kwamba wageni hawakuwapo. Mama yule alikuwa ameweka akiba yake ya karanga kwa miezi mingi ili watoto wake walione ziwa. Bei iliyotajwa chini ya mwembe ilikuwa karibu mara mbili ya alichokuwa nacho. Akaona haya kusema mbele ya watu. Basi akasema uongo mdogo ili atuondolee sisi aibu, na watoto wake wakabaki nyumbani. Ndugu, dhambi ile tuiandike kwa jina la nani? Sisi twaona ni yetu.

Tulidhani kunyamaza ni kukubali. Kumbe mara nyingi maskini hunyamaza kwa sababu ameshindwa, wala hataki mtu ajue.

Bwana wetu alifundisha kwamba mtu mwenye nia ya kujenga mnara huketi kwanza, akahesabu gharama, asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza. Tumezoea kulihubiri neno hili juu ya gharama ya kumfuata Kristo, na ndiyo maana yake. Lakini tuangalie pia mfano wenyewe. Bwana hakuona ni jambo la kidunia mno mtu kuketi na kufanya hesabu. Sisi hatukuketi. Tulisimama, tena chini ya mwembe, mguu mmoja njiani.

Tungepaswa kujua zaidi kuliko wengine, kwa kuwa sisi ni watu wa njia kuu. Mji wetu ulikua kwa sababu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na Wanyamwezi ndio waliosifika kwa upagazi katika njia ile. Hatusemi hayo ili kuisifu njia yote. Tunajua kwamba ndiyo iliyopitisha watu waliofungwa minyororo, ambao hakuna aliyewauliza kama wamekubali kusafiri. Lakini katika habari za misafara yamo mambo ya kutufundisha juu ya hesabu.

Mwaka 1871 Stanley alipojiandaa kuja huku kumtafuta Livingstone, jambo moja aliloulizia kwa wafanya biashara wa Unguja lilikuwa hili: watu mia moja watahitaji nguo kiasi gani kwa siku ili wapate chakula njiani? Akajibiwa, doti kumi, yaani yadi arobaini. Tena akafahamishwa kwamba shanga zipokelewazo mahali pamoja hukataliwa mahali pengine. Katika Unyamwezi zilitakiwa nyekundu. Nyeusi zilipokelewa Ugogo, lakini kwingine zilikuwa si kitu. Ugogoni palikuwa na hongo ya kulipa kwa watemi. Basi asiyehesabu mapema posho, shanga na hongo, aliishiwa katikati ya pori.

Lipo na fundisho la pili. Livingstone alipofika Ujiji mwaka ule ule wa 1871, mgonjwa na mchovu, alikuta mali iliyopelekwa huko kwa ajili yake imekwisha kuuzwa na yule aliyekabidhiwa. Mali ile ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, pasipo wa kumwuliza. Lakini alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, watumishi wake walifanya tofauti. Walikusanyika wote. Masanduku ya marehemu yakafunguliwa mbele ya macho ya kila mtu, na Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, akaandika kila kilichokuwamo. Wakawakubali Susi na Chuma kuwa wakubwa wa safari, kisha wakaubeba mwili. Oktoba mwaka huo walifika hapa kwetu, Kwihara. Mwingereza Cameron waliyemkuta akawashauri wauzike papa hapa. Wakakataa. Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Ndugu, watu wale walipita katika nchi za hatari kwa miezi mingi, wakiwa na mzigo ambao wenyeji wengi waliuogopa, wala hawakutawanyika. Sisi twaamini kwamba sehemu ya nguvu yao ilianzia siku ile masanduku yalipofunguliwa mbele ya wote. Hapakuwa na wa kumnong'onea mwenzake, "Unajua fedha zilikwenda wapi?"

Mtume Paulo naye alijua jambo hili. Alipokusanya msaada kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu hakuuchukua peke yake. Alituma ndugu waliosifika katika makanisa waandamane na changizo, asipate mtu kuwalaumu. Hakuona kwamba kuhesabiwa ni kudharauliwa. Na katika sura hiyo hiyo anasema kwamba mtu hupokelewa kwa kadiri ya kile alicho nacho, si kwa kile asicho nacho. Kisha anawakumbusha habari ya mana jangwani, jinsi aliyeokota nyingi asivyozidiwa, na aliyeokota kidogo asivyopungukiwa. Maneno haya hayakuandikwa kwa ajili ya kuhubiriwa tu. Yanatufaa hata katika kupanga nyumba ya siku nne.

Basi mwaka huu tumeazimia kufanya namna hii, nasi twaliweka mbele yenu mlipime.

Kwanza, tutauliza mifuko kabla ya kuuliza nyumba. Wazee wawili wa kanisa, mwanamume na mwanamke, watapita kwa kila familia inayotaka kwenda, na kila familia itawaambia faraghani kiasi inachoweza. Siri hiyo itakaa kwao. Wakisha kupita kwa wote, watatangaza kiwango ambacho kila mmoja anaweza kukifikia, bila kutaja jina la mtu. Nyumba itatafutwa kwa kiwango hicho. Kama haina baraza la kutazama ziwa, tutatembea kwa miguu mpaka ziwani. Ziwa ni lile lile.

Pili, tutahesabu gharama yote, si kodi ya nyumba tu. Mwaka jana tulitaja kodi, tukasahau nauli ya watu, chakula, mkaa, umeme wa LUKU, na ile amana ambayo mwenye nyumba huishika kwa ajili ya vitu vitakavyovunjika. Hizo ndizo hongo za njiani. Aliyeleta fedha kamili za nyumba alijikuta hana ya kununulia dagaa. Tena tutaweka akiba kidogo kwa ajili ya mgonjwa, kwa kuwa safari ni ya kilometa zipatazo 400, na watoto huugua bila kutoa taarifa.

Tatu, tutakubaliana jinsi ya kugawa kabla ya kulipa. Hapa ndipo wengi hukwaruzana, kwa sababu kila mmoja anadhani namna yake ndiyo haki. Tuchukue mfano. Nyumba ina vyumba vinne, na kodi ya siku zote ni shilingi 420,000. Watu wazima ni kumi, watoto ni wanne. Tukigawa kwa vichwa, kila mtu ni 30,000. Basi mjane na watoto wake watatu watalipa 120,000, na mume na mke wasio na mtoto 60,000. Tukigawa kwa vyumba, kila chumba ni 105,000, na hao wote watalipa sawa. Tukihesabu mtoto kuwa nusu ya mtu mzima, mtu mzima atalipa 35,000 na mtoto 17,500. Mjane atalipa 87,500, na wale wawili 70,000. Hesabu ni tatu, na jumla ni ile ile. Hakuna iliyoandikwa mbinguni. Sisi twapenda hii ya tatu, maana inamwangalia mwenye mzigo, lakini hatutaki kuwaamulia. Neno letu ni kwamba ichaguliwe mapema, watu wakiwa wameketi, na kila mmoja aulizwe.

Nne, shanga si za rangi moja. Yuko mwenye fedha. Yuko mwenye mchele wa shamba lake. Yuko mwenye asali. Yuko asiye na kitu ila mikono, naye atapika na kufua vyombo vya wote. Vyote hivyo vihesabiwe kuwa mchango, viandikwe, visiitwe msaada. Mwenye kuleta debe la mchele asionekane amebebwa na wenzake. Na mwenye nacho kingi akitaka kuongeza, atie katika akiba ya wote, pasipo kutangaza, kwa maana Bwana aliyemwona mjane akitoa senti zake mbili hekaluni aona hata kinachotolewa bila kengele.

Tano, mfuko utakuwa na watunzaji wawili na daftari moja. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kila jioni, baada ya sala, yatasomwa yaliyotumika siku ile. Fedha zitakazotumwa kwa simu kwa mwenye nyumba zitaandikwa pamoja na siku zilipotumwa. Anayetaka soda ya pili au kupanda mashua kwa starehe yake, atalipa mwenyewe. Na tukubaliane mapema yatakayokuwa kama mtu ameugua au amefiwa asiweze kusafiri: kiasi gani atarudishiwa, na pengo litazibwa na nani. Ni vigumu kuamua hayo kwa haki wakati msiba umekwisha kuingia.

Labda mmoja wenu atasema, "Mambo haya ya madaftari yataua upendo. Ndugu hawahesabiani." Tunamwelewa, kwa kuwa na sisi tulisema hivyo. Lakini tulipoacha kuhesabiana mwaka jana, ni nani aliyepata hasara? Si mwenye mshahara. Ni mjane. Ukarimu usio na hesabu huwa mzuri kwa yule ambaye fedha hazimsumbui. Kwa mwingine ni mlango uliofungwa taratibu. Paulo aliwaonya Wakorintho kwa sababu walipokutana kula, huyu alikuwa na njaa na huyu amelewa. Walikuwa meza moja, lakini hawakuwa chakula kimoja. Tusijidanganye kwamba sisi, kwa kuwa tuliimba vizuri ufukweni, tulikuwa mbali na Korintho.

Tumekwenda kwa mama yule, tukamwomba radhi. Alitukaribisha, akatupa karanga, akacheka kidogo, akasema, "Baba zangu na mama zangu, mimi sikukasirika. Niliona tu nisiwaharibie safari." Neno hilo lilituchoma kuliko kama angetukemea. Sasa twawaombeni, asiwepo tena katika parishi hii mtu atakayeona kwamba kuwapo kwake kunaharibu safari ya wenzake.

Jumapili ijayo, baada ya ibada ya pili, tutakutana ndani ya kanisa wala si chini ya mwembe. Viti vitakuwapo. Njoni mketi, hata ninyi mliokwisha kuamua mioyoni mwenu kwamba safari hii si ya watu kama ninyi. Njoni ninyi hasa.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetembea na wanafunzi wako mkila kutoka mfuko mmoja, utusamehe haraka zetu. Utupe uvumilivu wa kuketi, unyofu wa kusema tulicho nacho, na macho ya kumwona anayenyamaza. Utufikishe pamoja, uturudishe pamoja, asipungue hata mmoja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amin.